Kabla Hujamwaga Dawa Bwawani: Wadudu Wadogo Wanaomaliza Vifaranga wa Samaki

Swali ni lile lile, liwe limetoka Mbozi, Ileje, Momba au mjini Tunduma hapa mkoani Songwe: "Niliweka vifaranga elfu moja wa sato. Sikuwaona wakielea wamekufa. Nilipovuta wavu baada ya miezi mitatu nikapata mia mbili. Kwenye maji kuna vidudu vingi. Nimwage dawa gani?"

Jibu fupi: usimwage dawa yoyote leo. Kwanza mjue aliyekula samaki wako. Kuna vidudu vinavyomaliza vifaranga kweli, na kuna vingine vingi zaidi ambavyo ndivyo chakula cha vifaranga hao hao. Dawa haichagui. Inaua vyote viwili, na mara nyingi inaondoka na samaki.

Jambo la pili ndilo ningependa kila mfugaji alishike: wadudu wa bwawani hudhibitiwa kabla ya samaki kuingia. Bwawa likiwa kavu una njia nyingi, rahisi na za bei ndogo. Samaki wakishaingia, njia hizo karibu zote zinafungwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu wiki chache za kabla ya kupandikiza.

## Chunguza kabla ya kuhukumu

Huhitaji maabara. Tafuta vitu hivi:

- beseni jeupe la plastiki;
- wavu mdogo wa mkono, au chujio la chai lililofungwa kwenye mti;
- chupa ya maji angavu iliyotolewa karatasi yake;
- tochi, na simu yenye kamera.

Fanya hivi asubuhi, kisha rudia saa mbili za usiku, kwa sababu wadudu wengine hujitokeza gizani:

1. Jaza beseni maji safi ya bwawani, kina cha vidole vinne.
2. Pitisha wavu kwenye nyasi za ukingoni, si katikati ya bwawa. Wadudu wengi hujificha pembezoni.
3. Kung'uta ulichopata ndani ya beseni, uache litulie dakika tano.
4. Angalia kinachoogelea, kinachotambaa chini na kinachopanda juu kuvuta hewa.
5. Chota maji ya katikati ya bwawa kwa chupa, uyamulike na tochi kutoka nyuma.
6. Piga picha. Ukimpelekea afisa uvuvi wa halmashauri yako picha inayoonekana vizuri, utamsaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Hiyo hatua ya nne izingatie sana. Mdudu anayepanda juu kuvuta hewa ana dawa yake, na mdudu anayepumua ndani ya maji ana yake. Ukiwachanganya, utapoteza fedha.

## Hawa waache

Ukiwaona hawa, furahi. Bwawa lako lina chakula.

- Viroboto maji. Vitone vidogo vinavyorukaruka kwenye chupa, wakati mwingine vyekundu kidogo. Vifaranga huwapenda sana.
- Vidudu vyenye umbo la tone na mkia, majike yao yakiwa na vifuko viwili vya mayai nyuma. Wapo wanaoweza kuwasumbua vifaranga walioanguliwa juzi, hasa wa kambare. Kwa kifaranga aliyefikia sentimita mbili, hicho ni chakula tu.
- Mabuu mekundu membamba kwenye tope. Watoto wa visubi hao. Kambare huwafukua na kuwala.
- Viluwiluwi vya mbu. Samaki wakiwapo, hawaishi. Ukiwakuta wengi kwenye kona fulani, maana yake samaki hawafiki pale, labda kwa sababu ya nyasi. Fyeka.

## Hawa ndio wanaokula vifaranga

Buu la kereng'ende. Yule kereng'ende unayemwona akigusagusa maji kwa mkia anataga mayai. Buu lake ni la kahawia, lina miguu sita na macho makubwa, na hutulia kwenye tope kama kipande cha jani lililooza. Liweke kwenye beseni pamoja na kifaranga mmoja utazame. Halimfukuzi, linangoja. Kifaranga akipita karibu, mdomo wa chini uliokuwa umekunjwa chini ya kidevu unafyatuka kama mkono, unamkamata na kumrudisha kinywani. Ni kufumba na kufumbua. Buu hili hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya sehemu ya nyuma ya mwili, kwa hiyo halina haja ya kupanda juu kuvuta hewa.

Mdudu anayeogelea chali. Ana urefu wa sentimita moja hivi, na miguu miwili mirefu ya nyuma inayopiga maji kama makasia. Huogelea tumbo likiwa juu, na hupanda mara kwa mara kuchukua hewa. Humchoma kifaranga na kumfyonza, akaacha mwili mlaini uliopauka. Ana mabawa, na usiku huruka kutoka dimbwi hadi dimbwi akifuata mwanga.

Mdudu bapa mkubwa wa maji. Wa kahawia, mwenye miguu ya mbele ya kukamatia. Wapo wanaofikia urefu wa kidole, na hao huua hata samaki aliyekwisha kukua kidogo. Wapo wadogo zaidi, na ukimkuta mmoja amebeba mayai mgongoni, huyo ni dume. Usimshike kwa mkono mtupu, anauma vibaya. Naye huvuta hewa juu.

Mbawakawa wa maji na buu lake. Mbawakawa ni mweusi, mgumu, anayeng'aa. Buu lake ni refu na jembamba, lenye taya mbili zilizopinda. Wote wawili ni wala nyama, na wengi wao hutegemea hewa ya juu.

Chura na viluwiluwi vyake. Viluwiluwi vya chura havili vifaranga wengi, ila hula pumba na chakula ulichonunua. Chura mkubwa humeza kifaranga mzima. Mayai yake, yawe utando kama ute au kamba ndefu zenye vitone vyeusi, yaondoe kwa wavu kila asubuhi msimu wa mvua.

Kifaranga akifikia urefu wa kidole gumba, wengi wa maadui hawa hawamwezi tena isipokuwa yule bapa mkubwa na chura. Kwa hiyo vita yako ni ya wiki chache za mwanzo.

## Wanaoishi juu ya mwili wa samaki

- Chawa wa samaki. Bapa, wa mviringo, wa ukubwa wa punje ya dengu au chini ya hapo, karibu angavu. Hutembea juu ya ngozi. Samaki hujisugua kwenye kuta na kurukaruka. Chawa huyu hutaga mayai juu ya mawe, miti na kuta, si juu ya samaki.
- Mnyoo wa nanga. Uzi mweupe wa sentimita moja au mbili unaoning'inia kwenye ngozi, penye alama nyekundu. Kichwa chake kimezama ndani ya nyama. Licha ya sura yake, ni wa jamii ya vile vidudu vyenye vifuko viwili vya mayai.
- Ruba. Unawajua. Hukaa kwenye mapezi, mdomoni na kwenye matamvua.
- Vidudu visivyoonekana kwa macho. Samaki anatoa ute mwingi, anapauka, anapumua haraka, na matamvua yanavimba. Hivi hushamiri samaki wakirundikana kwenye maji machafu.
- Vifuko vya manjano chini ya ngozi. Ni minyoo michanga inayopita kwa konokono, kisha kwa samaki, kisha kwa ndege anayekula samaki. Samaki wa namna hiyo akiandaliwa vizuri na kupikwa akaiva, minyoo hiyo hufa. Mteja atamkataa hata hivyo, kwa hiyo pambana na konokono.

## Soma dalili kabla ya kumlaumu mdudu

Mara nyingi mdudu husingiziwa. Linganisha unachokiona na orodha hii:

- Samaki wote wanahema juu alfajiri, jua likitoka wanatulia: hewa ya majini imepungua. Punguza samadi na chakula, ongeza maji mapya.
- Samaki wanakufa, wadudu wa majini wako hai: fikiria kwanza upungufu wa hewa au ugonjwa.
- Samaki, viluwiluwi na wadudu wamekufa pamoja kwa mkupuo: fikiria sumu. Uliza nani kanyunyizia shamba jana na bomba alilioshea wapi.
- Vifaranga wanapungua bila mizoga: mdiria, korongo, chura, fisi maji au mwizi. Kwa kambare, ongeza kambare wenyewe. Wakubwa huwala wadogo. Watenganishe kwa ukubwa kila wiki mbili.
- Mizoga midogo iliyofyonzwa pembezoni: hapo sasa ni wadudu.
- Pamba nyeupe kwenye ngozi mwezi Juni au Julai: ukungu. Sato akipigwa na baridi hudhoofika na kuacha kula, na ukungu humshika kirahisi.

## Kazi kubwa hufanywa bwawa likiwa kavu

1. Toa maji yote. Vua hata samaki mmoja mmoja aliyebaki kwenye madimbwi. Kambare mmoja aliyejificha kwenye tope anatosha kumaliza vifaranga wako.
2. Anika. Kiangazi cha kwetu ni rafiki mkubwa. Subiri ardhi ipasuke, uweze kupita bila kuzama. Wiki moja hadi mbili zinatosha sehemu nyingi. Ukame huua mabuu, ruba, mayai ya chawa na konokono wengi.
3. Toa tope jeusi linalonuka, upeleke shambani. Ni mbolea.
4. Fyeka nyasi za kingo hadi mita moja kutoka kwenye maji. Toa magugu yote ya ndani. Kereng'ende na konokono wanahitaji mimea hiyo.
5. Weka chokaa sehemu zisizokauka. Tumia chokaa kali, ile ya kupakia nyumba, kilo 10 hadi 15 kwa bwawa la mita 10 kwa 10. Ikazanie sehemu zenye unyevu na kwenye mashimo ya ukingoni. Vaa glavu, funga pua na mdomo, na usinyunyizie wakati wa upepo. Chokaa ya kilimo ya unga wa mawe hurekebisha uchachu wa udongo tu, haiui wadudu.
6. Subiri siku saba kabla ya kuingiza maji.
7. Weka kichujio kwenye bomba la kuingizia maji. Tumia neti ya plastiki ya madirishani yenye matundu madogo, ukiishona kama mfuko mrefu. Mfuko mrefu hauzibi haraka kama kipande bapa.

Hapo kwenye kichujio pana onyo. Usitumie chandarua cha msaada. Vyandarua vingi vimewekwa dawa ya kuua mbu, na dawa za jamii hiyo ni sumu kali kwa samaki, hasa chandarua kikiwa kipya. Hata cha zamani kiache kitandani, kazi yake ni kuwakinga watoto na malaria.

## Usiku mmoja kabla ya samaki: mafuta na sabuni

Wadudu huanza kuruka kuja bwawani maji yakishajaa tu. Wakati huo unahitaji siku tano hadi saba ili maji yaliyowekwa samadi yageuke kijani na kupata chakula cha vifaranga. Katika siku hizo wale wanaoogelea chali na mbawakawa watakuwa wamekwisha kuingia. Waondoe hivi, siku moja kabla ya kuingiza samaki wa kwanza:

- Kwa bwawa la mita 10 kwa 10, chukua mafuta ya kupikia zaidi kidogo ya nusu lita. Ya alizeti yanafaa.
- Kwaruza sabuni ya mche kiasi cha gramu 180, uiyeyushe kwenye maji ya moto.
- Changanya na mafuta, ukoroge hadi viwe kama maziwa.
- Mwaga taratibu juu ya maji jioni isiyo na upepo mkali, ukianzia upande upepo unakotokea.

Utando mwembamba utafunika maji. Mdudu anayepanda kuvuta hewa hataipata. Asubuhi utawakuta wamekufa au wamelegea, uwakusanye kwa wavu. Kisha vuta kamba ya katani au nyasi ndefu juu ya maji kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, uuondoe utando uliobaki kabla ya kuingiza samaki.

Mambo matatu ya kukumbuka:

- Njia hii haiwezi buu la kereng'ende, kwa sababu halihitaji hewa ya juu. Dawa ya buu hilo ni kukausha bwawa na kutochelewa kupandikiza. Ukijaza maji ukakaa mwezi mzima unatafuta vifaranga, umewafugia kereng'ende.
- Usifanye hivi samaki wakiwa ndani. Vifaranga wa sato hukaa juu juu.
- Usitumie dizeli wala mafuta ya taa. Huharibu maji na kuacha harufu kwenye nyama.

Kabla ya kumwaga vifaranga wote, weka kumi kwenye kizimba kidogo cha neti ndani ya bwawa kwa saa 24. Wakiwa wazima, chokaa na mafuta yamekwisha nguvu. Wakifa, umepoteza kumi, hukupoteza elfu.

## Samaki wakishaingia

Njia zimebaki chache, ila zinafanya kazi ukizifuata kila siku:

- Lea vifaranga kwenye kizimba cha neti kwa wiki tatu hadi nne za kwanza. Kizimba kiwe na mfuniko wa neti na kisiguse tope. Buu la kereng'ende halitawafikia kirahisi. Kisugue kila baada ya siku chache ili matundu yasizibe.
- Pitisha wavu wa mkono kwenye kingo kila asubuhi. Toa mabuu, mayai ya chura na konokono.
- Ondoa taa karibu na bwawa. Ukihitaji taa ya ulinzi, iweke mbali, na chini yake beseni la maji ya sabuni. Wadudu wanaofuata mwanga wataishia humo.
- Weka mbao za kunasa mayai ya chawa. Chomeka mbao chache majini kwenye kivuli. Kila wiki zitoe, uzianike juani hadi zikauke kabisa, kisha uzirudishe. Mayai yatafia juani kabla ya kuanguliwa.
- Usirundike samaki. Sato wawili hadi watatu kwa mita moja ya mraba wanamtosha mfugaji asiye na mashine ya hewa.

Ukikuta chawa au mnyoo wa nanga kwa samaki wengi wa bwawa zima, ushauri wangu wa kweli ni huu: vua, uza walio wakubwa kwa kitoweo, kausha bwawa, weka chokaa, anza upya. Kupambana nao ndani ya bwawa lililojaa huchukua miezi. Samaki wazazi wachache unaweza kuwatoa minyoo kwa kibano, mmoja mmoja, kisha ukawaogesha chumvi ili kidonda kisishambuliwe.

## Chumvi: dawa ya beseni, si ya bwawa

Chumvi ya kawaida huwaondoa vile vidudu visivyoonekana na hulegeza ruba. Haimuui mnyoo wa nanga aliyekwisha kuzama kwenye nyama.

- Sato: gramu 200 za chumvi kwa ndoo ya lita 20, dakika 10 hadi 15.
- Kambare: nusu yake, gramu 100 kwa ndoo hiyo hiyo, muda huo huo.
- Yeyusha chumvi yote kabla samaki hawajaingia.
- Ogesha wachache wachache, na usiondoke hapo. Samaki akianza kulala ubavu, mtoe mara moja hata kama dakika hazijatimia.
- Maji yaliyotumika yamwage mbali na bwawa.

"Kwa nini nisiweke chumvi bwawani nimalize kazi?" Fanya hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita moja lina lita 100,000. Kwa kipimo hicho utahitaji tani nzima ya chumvi. Na ukimwagilia bustani kwa maji hayo, mboga zitakauka.

## Sumu: hapa ndipo wengi wanapopotelea

Kwetu bwawa huwa bondeni, na juu yake kuna kahawa au mahindi. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, kunyunyizia mahindi kumekuwa kazi ya kila msimu. Dawa nyingi za viwavi zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo:

- Usimwage dawa ya shamba bwawani, hata kifuniko kimoja.
- Usioshe bomba la kunyunyizia kwenye mfereji unaolisha bwawa. Zungumza na jirani wa juu kabla ya msimu, si baada ya samaki kufa.
- Siku ya kunyunyizia, funga maji yanayoingia. Yaache yafungwe hadi mvua ya kwanza kubwa ipite.
- Chimba mtaro mdogo juu ya bwawa uelekeze maji ya mvua pembeni.
- Utupa usiusogeze karibu na bwawa. Mmea huo unaotumika kukinga maharage na wadudu una sumu inayozuia samaki kutumia hewa. Kuvua kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na maji ya bwawa lako yanaishia kwenye mto ambao wengine wanakunywa.
- Vumbi la tumbaku nalo huua. Usilimwage penye samaki.

## Kwa aliye mjini na tanki

Ukifugia kwenye tanki la saruji au turubai Tunduma au Vwawa, adui zako ni tofauti kidogo. Angalia kuta kwa tochi. Ukiona vijinyuzi vidogo vyenye mikono inayopepea, gusa kimoja kwa ujiti. Kikijikunja kuwa kitone, ni mnyama mdogo mwenye sumu ya kuchoma anayeweza kuwaua vifaranga walioanguliwa karibuni. Hamisha samaki, sugua kuta kwa maji ya chumvi, suuza, kisha anika tanki juani siku tatu.

Funika tanki kwa neti, na mimea ya majini usiichukue mtoni kuja kupamba tanki. Humo ndimo mayai ya konokono husafiria. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, ili klorini ipungue.

## Wadudu wengi hununuliwa

Adui wengine huja ndani ya mfuko wa vifaranga. Nunua kwenye kituo kinachojulikana. Serikali ina vituo vya ukuzaji viumbe maji kama Ruhila cha Songea na Kingolwira cha Morogoro, na afisa uvuvi wako atakuelekeza kwa wazalishaji wa karibu. Ukifika:

- Kagua vifaranga kwenye beseni jeupe. Kataa wenye nyuzi, vidonda au wanaojisugua.
- Nyumbani, acha mfuko uelee bwawani dakika 20 ili joto lilingane.
- Usimwage maji ya mfuko bwawani. Chota samaki kwa wavu.
- Watenge wiki mbili kwenye tanki, au kwenye kizimba cha bwawa lisilo na samaki wengine, kabla ya kuwachanganya na wengine.

Kwa ndugu wa mpakani: usivushe vifaranga kutoka Nakonde, Zambia, kimya kimya kwa sababu ni karibu au ni rahisi. Ugonjwa hatari wa vidonda vya samaki ulithibitishwa katika bonde la Mto Zambezi mwaka 2007, na ukiingia kwenye mito hauna wa kuutoa. Pitia ofisi za uvuvi, upate kibali. Wala usichukue samaki wa Ziwa Rukwa ukawaweka bwawani, au wa bwawani ukawamwaga mtoni. Rukwa lina perege wa kwake, na wavuvi wa Momba na Songwe wanamtegemea.

## Kalenda ya Songwe

- Juni na Julai: baridi ya Mbozi na Ileje. Vua, kausha, weka chokaa. Usipandikize vifaranga sehemu za juu.
- Agosti: tengeneza kingo, vichujio na vizimba. Agiza vifaranga mapema.
- Septemba na Oktoba: jaza maji, weka samadi, mafuta na sabuni, kisha pandikiza. Joto limerudi, na vyura bado hawajaanza kuzaliana kwa wingi.
- Novemba hadi Aprili: mvua. Wadudu wanaoruka na vyura ni wengi, na dawa za mashambani pia. Vifaranga wa Septemba sasa wamepita urefu wa kidole gumba, hawaliwi ovyo. Kazi yako ni mitaro, vichujio na kingo.

Walio bondeni kama Kamsamba, ambako baridi si kali, wana uhuru zaidi wa kupanga. Hata hivyo kupandikiza kabla ya mvua kunawafaa nao.

## Maswali yanayorudi

"Je, niweke kambare wakubwa wale wadudu?" Watakula wadudu, kisha vifaranga. Subiri sato wakue kwanza.

"Bata je?" Wanakula konokono vizuri, na vifaranga pia. Waruhusu samaki wakishakuwa wakubwa.

"Sina fedha za chokaa." Basi kausha kwa muda mrefu zaidi na utoe tope lote. Jua halina gharama, na ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi.

"Konokono wananidhuru mimi?" Ndiyo. Baadhi yao hubeba kichocho. Vaa buti ndefu, usiache watoto waogelee, weka choo mbali na maji. Ukiona damu kwenye mkojo au kwenye choo, nenda kituo cha afya ukapime.

"Nimekwisha kupandikiza na sikukausha. Nimepotea?" Hapana. Fyeka kingo leo, anza kupitisha wavu kila asubuhi, na vifaranga unaoweza kuwavua wahamishie kwenye kizimba. Utaokoa wengi. Kisha andika tarehe ya kuvuna, na siku hiyo hiyo anza kukausha. Mzunguko unaofuata utauanza bwawa likiwa safi, na vifaranga utakaowalipia ndio utakaowavua.